Tangazo la Tatu

Katika kigango cha Ludara hakuna aliyemwita Kasimiro kwa jina lake. Watoto walimwita Mwalimu Rudia, na wazazi wao, ambao nao aliwafundisha walipokuwa watoto, walimwita hivyo hivyo akishawapa mgongo. Alikuwa katekista wa siku nyingi, sauti yake ya kuamsha wafu, na ufundishaji wake ulikuwa wa namna moja tu: yeye anasema, wewe unasema. Ukikosea anakukazia macho, "Rudia!" Ukipatia, "Rudia!" vilevile, maana alidai neno la Mungu likiingia mara moja kichwani bado ni mgeni, halijajua pa kukaa.

Alifundisha kwa Kikakwa na kwa Kiswahili. Koboko, mji wetu huku mpakani, ni mji wa watoto wa askari, kila nyumba ina babu aliyewahi kuvaa buti za serikali fulani, na Kiswahili tulikirithi pamoja na zile buti. Baba yake Kasimiro mwenyewe alikuwa sajini. Bila shaka ndiko ilikotoka ile "Rudia".

Ila somo lake hasa lilikuwa somo la ndoa. Hapo, ndugu yangu, ungekaa ukasahau hata muhogo wako jikoni. Wachumba walimjia kutoka Kuluba na kutoka mpakani, wengine si wa kigango chake, wamsikie tu. Ndoa, aliwaambia, ni mume mmoja na mke mmoja, mpaka kifo, tena kwa hiari yao. Asiyekuja kwa miguu yake mwenyewe hakuoa, amefungwa kamba. "Ndoa bila hiari si ndoa. Rudia!" Nao walirudia mpaka mabati yakatetemeka. "Hata askofu akiifunga si ndoa. Rudia!" Akisema hayo uso wake ulibadilika, macho yakamlowa, kwa sababu Kasimiro aliamini kabisa kwamba watu wawili wakisimama altareni Mungu mwenyewe anashuka kuja kusikiliza. Hakuzoea jambo hilo hata siku moja. Kila harusi ilimtia ganzi.

Kulikuwa pia na lile somo jingine, la wanaume wanaopenda wanaume na wanawake wanaopenda wanawake. Hapo alipaza sauti zaidi. Kanisa linafundisha kwamba ndoa ni ya mume na mke, na tendo lile ni dhambi. Rudia! Wakarudia. Lakini fundisho lenyewe haliishii hapo, naye alijua. Lina sentensi inayofuata, kwamba watu hao wapokewe kwa heshima na kwa huruma, wala wasitendewe ubaguzi pasipo haki. Aliisoma akiwa kijana kule Ediofe, Arua, kwenye mabenchi ya misheni, akairudia mbele ya padri mzee mpaka akaimeza. Ludara hakuwahi kuitamka. Haikuwa kwamba anaikataa, la! Aliogopa minong'ono. Akiikaribia alikohoa, akameza mate, akahamia ubatizo.

Sasa, Mwalimu Rudia alikuwa na mwana wa kwanza, Ladu. Fundi wa pampu za visima, mpole, mwenye mikono mikubwa iliyojaa grisi, umri wake umeshavuka thelathini. Pampu ikikwama Kuluba akina mama walimpigia yeye kabla ya kumpigia mwenyekiti. Alikuja na pikipiki yake, akafungua, akafunga, akanywa maji ya kwanza yeye, akaondoka. Hakuwa na neno na mtu. Kasoro yake ilikuwa moja, na wenye midomo waliitaja kila harusi: hajaoa. Mwalimu wa ndoa na mwanawe hana mke! Mganga hajigangi, walisema, tena kwa sauti ya kutosha.

Maneno hayo yalimkaa Kasimiro kooni kama mfupa wa samaki. Krismasi iliyopita, wajomba wote wakiwa uani na pombe ya kwete imeshapita mara mbili, alisimama akasema, "Ladu, Pasaka ikikukuta bila mke, utafute baba mwingine." Watu wakacheka kidogo, kisha wakaona hacheki, wakanyamaza. Ladu akatazama miguu yake. "Sawa, Baba," akasema.

Na huyu bwana, ambaye kwa miaka yote alikuwa akiwafundisha watu kwamba "sawa" ya mtu aliyeogopa si hiari, aliipokea sawa hiyo akafurahi nayo. Jamani, mtu anaweza kuwa kipofu!

Msichana alimtafuta yeye mwenyewe. Aliitwa Keji, wa Kuluba, mshonaji, mwenye ulimi mwepesi na kicheko cha kusikika ng'ambo ya barabara. Baba yake alikufa zamani, akalelewa na mjomba wake Shafiki, mfanyabiashara wa simsim pale soko la Koboko, Mwislamu wa ukoo wa wale askari wa Sudani. Keji alibatizwa upande wa baba yake, na Shafiki hakuona taabu. Nyumba nyingi kwetu ziko hivyo. Ng'ombe wakavuka kwenda Kuluba. Kasimiro akatangaza kwamba harusi itafungwa Ediofe, ndani ya kanisa kuu lenyewe, pale alipojifunzia imani.

Lakini kabla ya harusi kuna matangazo. Jumapili tatu mfululizo majina ya wachumba husomwa mbele ya watu, na ajuaye kizuizi anapaswa kusema, akinyamaza dhambi ni yake. Kila mahali hufanya hivyo. Ludara tuna namna yetu. Tangazo la tatu, ndugu wa msichana huja na kuketi benchi la mbele. Katekista husoma majina, huuliza kama kuna kizuizi, kisha hunyamaza kwa muda wa mtu kusali Baba Yetu moyoni. Hakuna anayekohoa. Mama mwenye mtoto anayelia humtoa nje mapema. Ule ukimya ukipita salama, wanawake hupiga vigelegele, humbeba msichana mpaka uani kwa wakwe, na kwete humwagwa. Watu wa Ludara huuogopa ule ukimya kuliko mahubiri yote. Husema ndani yake Mungu anasikiliza.

Tangazo la kwanza likapita, la pili likapita. Alhamisi kabla ya la tatu, Kasimiro na Ladu walipanda pikipiki wakaenda Arua, kwa sababu Padri Ezati wa Ediofe alipaswa kumhoji bwana arusi peke yake. Hii nayo ni sheria: kila mchumba huingia peke yake, huweka mkono juu ya Injili, huapa kwamba amekuja kwa hiari, hakuna aliyemlazimisha, wala hafichi siri itakayoiharibu ndoa. Keji aliapa wiki iliyotangulia.

Ladu aliingia ofisini. Kasimiro akaenda kungoja kanisani.

Loo, kanisa lile! Hata ulione mara mia hulizoei. Alisukuma mlango, baridi ya matofali ikamgusa usoni, na papo hapo akawa kijana tena. Dari iko juu huko, njiwa wanapita chini yake wakionekana wadogo kama shomoro. Mwanga uliingia kwa madirisha ya juu ukalala sakafuni, na mbele kabisa ile taa nyekundu ikawaka kuonyesha kwamba Mwenyewe yupo. Kasimiro alipiga goti, akashindwa kuinuka upesi, si kwa sababu ya uzee tu. "Bwana," akanong'ona, "mwanangu atasimama hapa." Machozi yakamtoka. Alifurahi hivyo.

Akasikia hatua. Alikuwa Ladu, na nyuma yake, mlangoni, Padri Ezati amesimama na mikono yake ndani ya mikono ya kanzu.

"Umemaliza upesi," alisema Kasimiro.

Ladu akamgeukia Padri. Padri ndiye aliyesema. "Mwalimu, kijana ameomba muda. Mimi zaidi ya hapo mdomo wangu umefungwa. Muulize mwenyewe. Ila ukimuuliza, msikilize." Akawaachia kanisa.

Waliketi benchi moja. Ladu akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, kama kifaa asichokijua.

"Nimeuweka juu ya Injili, Baba. Umekataa."

"Umekataa nini? Mkono?"

"Padri akaniuliza kama nimekuja kwa hiari. Nikafungua mdomo niseme ndiyo. Nilikuwa nimejiandaa, barabara yote kutoka Koboko nilikuwa nairudia hiyo ndiyo. Ikashindwa kutoka. Nikaondoa mkono." Akakipangusa kiganja kwenye suruali. "Baba, mimi sina moyo wa mwanamke. Sikuwahi kuwa nao. Moyo wangu uko kwa wanaume, tangu nilipojijua. Nimefunga, nimesali, nimekwenda hata kwa wale wa kuweka mikono kichwani. Uko pale pale."

"Nyamaza!" Sauti ya Kasimiro ilipanda mpaka darini, njiwa wakaruka. "Uko ndani ya kanisa!"

"Ndiyo maana nasema humu," alisema Ladu taratibu. "Nje nisingeweza."

Kasimiro alisimama. Alitaka kumpiga, nasema kweli, mkono ulishainuka. Mara ngapi amewatia watu kwenye mstari kuhusu jambo hilo hilo! Mkuki kwa nguruwe ni mtamu. Ulipomgeukia yeye aliuhisi ukiingia mbavuni, akakaa tena.

"Kuna mtu?" aliuliza, na sauti ilikuwa ya mzee mwingine.

"Hakuna mtu. Naishi na pampu zangu. Siombi Kanisa libadilishe fundisho kwa ajili yangu, Baba. Naomba tu nisiapishwe uongo juu ya Injili. Na Keji, naye ni mtoto wa watu. Atalala kila siku na mtu ambaye hayupo, amekosa nini?"

"Basi ungekataa! Krismasi ungekataa!"

"Ulisema nitafute baba mwingine." Ladu akamtazama sasa, machoni kabisa. "Nilifikiri nikamwona Mungu mbali, wewe karibu. Nikakuogopa wewe. Leo nimeweka mkono pale, nikamwogopa Yeye."

Hapo Kasimiro aligeuka. Aliangalia ile taa nyekundu, akamwangalia mwanawe, akarudi kwenye taa. Kumcha Mungu! Miaka yote alikuwa akiwaambia watu warudie kumcha Mungu, kumcha Mungu, wakaitikia kama kasuku, naye akaitikia pamoja nao. Na hapa, juu ya benchi la Ediofe, ameketi mtu aliyemcha kweli. Mtu aliyekuwa na kila sababu ya kusema neno dogo la uongo, aokoke nalo, na hakuweza, kwa kuwa Mungu alikuwa anasikia. Kasimiro akautazama mkono wake mwenyewe. Ingekuwa yeye, je, mkono ungekataa? Alijua jibu, akaona aibu mbele ya mwanawe.

Walirudi Koboko. Upepo wa pikipiki ulimkausha uso.

Nyumbani mkewe, Night Poni, alikuwa akikoroga kwete ya Jumapili. Mitungi ilikuwa imeanza kutoa povu. Mama huyu ni mfupi, mchapakazi, na kumdanganya ni kazi bure. Aliwatazama walivyoshuka. Ladu akapita moja kwa moja kwenda kwenye kibanda chake. Kasimiro akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akamwambia mkewe yote, kwa kunong'ona, akitazama ua wa jirani.

Night Poni aliweka mwiko chini. Hakulia wala hakushangaa.

"Mtu mwingine anajua?"

"Padri."

"Basi asijue mwingine. Baba Ladu, sheria ya siku hizi juu ya watu kama yeye unaijua. Kabla ya polisi kufika kuna vijana wa mtaani, na vijana wakifika polisi hawana la kumkuta."

"Ninajua! Ndiyo maana nasema tuahirishe. Tuseme anaumwa."

"Utaahirisha mara ngapi? Kijana akimwacha msichana kama Keji bila sababu, Ludara itatafuta sababu yenyewe, tena itaipata. Wameshaanza kunong'ona, hujui kwa sababu wakikuona wananyamaza." Akapangusa mikono. "Ukinyamaza Jumapili, umemwoza Keji kwa uongo. Ukisema kizuizi ni nini, umemuua Ladu. Wewe ndiye mwalimu wa ndoa. Sasa tufundishe."

Ndugu yangu, hata mimi ningekuwa Kasimiro ningekimbilia Kongo. Ijumaa hakula. Jumamosi alikwenda kigangoni peke yake akafagia, ingawa kilikuwa kimefagiwa. Alijaribu kusali na sala ikageuka kuwa somo lake la ndoa. Mdomo ulikwenda wenyewe. Mume mmoja na mke mmoja. Mpaka kifo. Kwa hiari. Asiyekuja kwa miguu yake mwenyewe. Alifika hapo, akasimama na ufagio mkononi. Akarudia, polepole. Kisha akakaa chini sakafuni, akasema "Eh, Mungu wangu," akabaki hapo mpaka kuku wakaingia.

Jumapili kigango kilifurika. Padri huja mara moja kwa mwezi, na siku hiyo hayupo, kwa hiyo ibada ilikuwa ya katekista. Benchi la mbele waliketi ndugu wa Keji, na Keji mwenyewe amevaa gauni la gomesi la kijani alilolishona kwa mkono wake. Shafiki, kama kawaida yake akialikwa kanisani, alikaa nje chini ya dirisha na kofia yake, sikio ndani. Upande wa wanaume Ladu aliketi karibu na ukuta, ameinamia magoti. Night Poni alikuwa na wanawake wa vigelegele, uso umemsawajika.

Kasimiro akasoma Injili, akahubiri kwa ufupi mpaka watu wakaangaliana. Kisha akasimama mbele ya altare.

"Tangazo la tatu," akasema. "Ladu, mwana wa Kasimiro na Night Poni, wa Ludara. Keji, wa Kuluba, chini ya uangalizi wa mjomba wake Shafiki. Ajuaye kizuizi aseme."

Ukimya ukaingia.

Mnaujua ukimya huo, nimeshawaeleza. Lakini wa siku hiyo ulikuwa mzito zaidi, sijui kwa nini, labda watu walimwona mwalimu wao anavyoshikilia ukingo wa meza. Mabati yalilia kidogo kwa jua. Baba Yetu ikaanza katika kila moyo. Kasimiro aliisikia ikienda, akaihisi kabisa, kama maji chini ya ardhi, na akajua bila shaka yoyote kwamba kuna Mwingine aliyesimama mle ndani anayemngoja yeye. Hakuwahi kumhisi karibu hivyo, si harusini, si Ediofe. 

"Mimi ninajua kizuizi," alisema.

Watu hawakuelewa. Mmoja alidhani ni mfano wa mahubiri, akatabasamu.

"Kizuizi ni mimi. Mwanangu hakutaka kuoa. Krismasi, mbele ya wajomba zake, wapo hapa waniulize kama naongopa, nilimwambia aoe au atafute baba mwingine. Nilimtisha. Alikubali kwa kuniogopa. Nikaenda Kuluba nikamchukua msichana wa watu kwa woga wa mwanangu, nikaita uchumba. Miaka yote nawafundisha, na nyumbani kwangu nimefanya nilichowakataza."

Sasa ngurumo ikaanza. Swaka, mwenyekiti wa kigango, mtu wa maswali, akasimama, kidole juu. "Lakini Mwalimu, kwa nini hakutaka? Msichana kama huyu! Kijana mzima anakataa mke kwa nini?"

Ladu aliinua kichwa. Night Poni akafumba macho. Hapo ndipo ilipokuwa, hatari yenyewe, imesimama katikati ya kanisa na kidole juu.

Na Kasimiro akavuta pumzi, akaitoa ile sauti ya kuamsha wafu.

"Kanisa haliulizi kwa nini! Kanisa linauliza kama amekuja kwa hiari. Hakuja kwa hiari. Ndoa bila hiari si ndoa. Rudia!"

Wallahi, kama angekuwa amefikiria kwa mwaka mzima asingepata. Kigango kizima, mabibi, vijana, wajomba wa Krismasi, waliofundishwa na mtu huyu tangu hawajaota meno ya pili, wakaitikia kabla hawajafikiri:

"Ndoa bila hiari si ndoa!"

"Hata askofu akiifunga. Rudia!"

"Hata askofu akiifunga si ndoa!"

Mabati yakatetemeka. Swaka mwenyewe aliitikia, kidole bado kiko juu. Alipokishusha, swali lake lilikuwa limemponyoka, na kurudi kuuliza tena ilikuwa kama kubishana na kanisa zima. Akakaa.

Keji alisimama. Watu wakageuka kumtazama, maana aibu ilikuwa yake hasa, amevishwa, ameletwa mbele, ameachwa. Akatembea mpaka kwa Kasimiro. Wengine walitegemea kofi, nami nisingemlaumu. Akapiga goti kama binti kwa baba yake.

"Baba," alisema, na kile kicheko hakikuwepo, "nilimuuliza Ladu mara mbili kama ananitaka. Akasema ananiheshimu. Moyo wangu ukajua kuna kitu, lakini ng'ombe walikuwa wameshafika, ningemwambia mjomba nini? Leo jioni ningekuwa nimebebwa kwenda kwenu nalia ndani kwa ndani. Asante."

Akainuka, akamgeukia Ladu akamwinamishia kichwa, na Ladu akamwinamishia yeye. Sijaona wachumba walioagana vizuri hivyo.

Kutoka dirishani ikaja sauti ya Shafiki, amesimama sasa, kofia yake tu na macho vinaonekana. "Mwalimu! Mimi iko nasikia yote."

"Ng'ombe ni wako, Shafiki. Ni faini yangu."

"Hapana! Mutu mwenye kujishitaki mbele ya Mungu namna hii, mimi nitakula ng'ombe yake namna gani? Zitarudi." Akafikiri. "Isipokuwa ile nyekundu. Ile iko na mimba, na mtoto wangu amepata haya. Hiyo ni ya Keji."

"Ni ya Keji," alisema Kasimiro.

Na hapo, mahali pale pale ambapo vigelegele hupigwa, hakuna aliyejua la kufanya. Tangazo la tatu halikuwahi kuvunjika Ludara. Wanawake wakatazamana. Kisha sauti moja ikapanda, nyembamba, inatetemeka, ikapata nguvu. Night Poni alikuwa amesimama peke yake, machozi yanamwagika, anapiga kigelegele. Alikipiga mpaka pumzi ikamwisha, akavuta nyingine, akapiga tena.

Kwete ikanywewa. Wengine walisema ni ya msiba, wengine ya sherehe, wote walijaza vibuyu.

Wiki mbili baadaye Swaka na wazee walikuja na uamuzi: Mwalimu apumzike kufundisha, maana somo la ndoa amelivunja yeye mwenyewe. Alikubali. Alivua msalaba wake wa katekista shingoni akaukabidhi kwa mikono miwili, na Jumapili iliyofuata aliketi benchi la nyuma kabisa, ambako hakuwahi kukaa, akagundua kwamba kutoka huko altare inaonekana mbali sana na nzuri sana.

Ladu hakuhama. Watu walisema alikuwa amewekewa nadhiri, au anataka kuwa bruda wa kitawa. Wakaridhika na walichojipa. Pampu ya Kuluba ilipokatika bomba walimpigia.

Kazi ya kuvuta mabomba yatoke ardhini si ya mtu mmoja. Siku ile Kasimiro alikwenda naye. Akina mama walikuwa wameacha madumu yao kwenye mstari na kwenda kivulini mbali, wakabaki wawili tu, baba na mwana, wakivuta, wakishikilia, wakifungua, wakivuta tena. Mzee alitweta. Bomba la tatu lilipotoka alisema, bila kumtazama mwanawe:

"Kuna sentensi moja sikuwahi kuwafundisha."

Ladu akaacha spana. "Ipi?"

Kasimiro akajiweka sawa. Hata mikono aliiweka pembeni, kama pale Ediofe mbele ya padri mzee. "Kwamba watu hao," alisema, na sauti yake kubwa haikutoka, ilitoka ndogo, "wapokewe kwa heshima na kwa huruma. Wasitendewe ubaguzi pasipo haki." Akakohoa. Safari hii hakuhamia ubatizo. "Niliijua. Niliijua tangu ujana wangu, na wewe ulikuwa unakaa benchi la mbele, mtoto, unaningojea niiseme."

Ladu akaegemea bomba. Grisi ilikuwa imemfika kwenye viwiko. Kisha akapangusa uso kwa bega, akamkazia baba yake macho, kama alivyofundishwa.

"Rudia, Mwalimu."

Kasimiro akarudia. Kisha wakashika bomba lililofuata, wakavuta.